Saa Kumi za Mkopo

Mwalimu kawapa kazi ya nyumbani:
chagua miji miwili iliyo mbali, pima, andika muda wa safari.
Kabula kaleta tufe la plastiki, limebonyea Australia,
na uzi mwekundu aliouchomoa kwenye soksi yangu ya kazini.
Ncha moja kaikandamiza Edmonton kwa kidole gumba.
"Mwanza iko wapi, baba?"
Namwonyesha. Kusini mwa ziwa, pale rangi ilipovuja.

Nilidhani uzi utakwenda mashariki tu, moja kwa moja.
Ulikwea.
Ukapita Grinilandi, ukateremkia Ulaya, ukakata Sahara.
Kumbe njia fupi ya kwetu inapita kwenye barafu.
Akapima kwa rula, akazidisha, akafuta, akazidisha tena:
kilomita elfu kumi na tatu, mia tano na ushei.
"Ushei ni ngapi?"
Ushei, mwanangu, ni toka uwanja wa ndege hadi mlangoni kwa bibi yako,
kwa miguu, ukimsalimia kila mtu.

Mimi ndege nazijua kwa mgongo.
Usiku, baridi ya thelathini chini ya sifuri,
tunapandishwa kwenye kikapu cha winchi, mimi na Bohdan,
tunazimwagia mbawa dawa ya moto, rangi ya chungwa,
hadi barafu iachie kama ukoko uliolowekwa.
Miaka kumi na moja nazisindikiza.
Zinaondoka safi. Mimi nabaki nimelowa.

Asubuhi, navua buti, simu ya mama inaita.
"Saa ngapi huko?"
Saa moja, nasema, na dirisha ni jeusi tititi.
Anacheka hadi anakohoa.
"Saa moja gani hiyo isiyo na jua?"
Kwake ni saa kumi na moja jioni, anaanua nguo.
Nifanyeje? Saa zetu zilihesabiwa na watu
ambao jua halikuwahi kuwachelewesha.
Hapa, Desemba, linakuja saa tatu kasorobo,
na saa kumi na robo limeshaaga,
kama mgeni asiyevua koti.

Nilipokuja niliondoka Jumanne, saa kumi na mbili alfajiri,
nikafika Jumanne, saa nne usiku.
Mwili ulihesabu saa ishirini na sita.
Saa ya ukutani ikasema kumi na sita.
Zile kumi nikazitia mfukoni, bila kuuliza ni za nani.

Nilijua mwaka wa tatu.
Baba alifariki Alhamisi, kabla ya adhana ya alfajiri ya jirani.
Huku ilikuwa Jumatano bado, saa moja jioni,
nilikuwa nakula viazi vya kukaanga na Bohdan, tunabishana mpira.
Kwa kalenda ya ukutani kwetu kazini
baba alikuwa mzima hadi usiku wa manane.
Nilicheka, nakumbuka. Bohdan alisema kitu, nikacheka sana.
Kama kuna anayedai zile saa, ni yule mzee,
na hajawahi kutuma mtu.

"Baba. Muda wa safari."
Kisanduku kwenye karatasi ni kidogo, kinatosha tarakimu mbili.
Andika ishirini na sita.
"Kwenye simu wanasema ishirini na nne."
Basi andika ishirini na nne, wao ndio wanaouza tiketi.
Akaandika. Akapiga mstari chini yake.
Uzi ukajikunja mezani, mfupi kuliko nilivyoukumbuka.
"Na kurudi?" akauliza, kalamu ikiwa hewani.

Nikafungua kinywa nimwambie upepo wa juu unavyosukuma,
kwamba kwenda na kurudi havilingani,
kisha nikasita: sikujua
kwake kurudi ni kuelekea wapi.

Nikavaa soksi, ile iliyofumuka.
Zamu inaanza saa mbili.